Matembezi ya vuli pwani: jinsi ya kuangalia, kutambua na kuandika viumbe vya mahali pako

Upepo wa kusi ukianza kulegea, kuanzia mwisho wa Agosti, pwani ya Afrika Mashariki huanza kupokea wageni. Ndege waliotaga mayai Siberia hutua kwenye matope ya hori zetu, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, wakiwa na njaa ya safari. Mvua za vuli zikishaanguka, kati ya Oktoba na Desemba, kumbikumbi huruka, vyura huamka, majongoo hutoka, na mibuyu iliyokuwa vijiti vitupu huvaa majani. Katika miezi hiyo minne, mtu anayetembea kwa miguu na kuangalia vizuri anaweza kuona mambo mengi zaidi kuliko mtalii aliyelipia gari la safari.

Shauri langu kubwa ni hili: usitafute mahali papya kila wiki. Chagua njia moja fupi, iwe karibu na nyumbani, uirudie kuanzia Septemba hadi Desemba. Orodha ndefu ya siku moja haikwambii mengi. Njia ileile ukiipita tena na tena hukuonyesha nani amefika, nani ameondoka, mti gani umetoa maua kabla ya mvua na upi umesubiri. Hapo ndipo elimu ilipo.

Mifano yangu mingi inatoka Hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, kwa sababu pale matope, mikoko na msitu vimepakana. Hatua zenyewe zinafaa vilevile Lamu, Tanga, Pemba, Bagamoyo au Kunduchi.

Hatua ya kwanza: chagua njia

Kilomita moja hadi mbili zinatosha. Ukitembea kilomita sita utakuwa unafanya mazoezi ya mwili, na hilo ni jambo jingine. Tafuta njia inayopita kwenye mipaka: shamba linapokutana na kichaka, mikoko inapokutana na mchanga, mto unapomwagika baharini. Viumbe wa pande mbili hukutana mpakani, na mpakani jicho huona mbali kidogo.

Kisha omba ruhusa. Shambani, piga hodi kwa mwenyewe hata kama watu wote hupita hapo. Utapata na faida ya kuambiwa bundi analala mwembe gani. Mida kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya mikoko, na kiingilio chake hubaki kwa jamii ya pale. Arabuko-Sokoke ni hifadhi ya serikali, nako kuna tembo, kwa hiyo pita kwenye lango la Gede, lipa kiingilio na uende na mwongozaji wa pale. Waongozaji hao ni watu wa vijiji vya jirani. Bila wao huna namna ya kumwona bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa sentimita 16 tu anayelala mchana kwenye kichaka na rangi yake ni ya majani makavu. Duniani kote anajulikana kuishi sehemu chache tu, zikiwemo msitu huo na chini ya milima ya Usambara Mashariki.

Hatua ya pili: panga saa kwa jua na kwa maji

Msituni na shambani hesabu ni rahisi: uwe umefika saa 12 na nusu asubuhi. Ndege huimba na kula mpaka saa 3 hivi, kisha joto huwanyamazisha. Vipepeo ni kinyume chake. Hungoja jua lipashe mabawa, kwa hiyo saa 3 hadi saa 6 ni zamu yao. Ukipata nafasi ya kutoka tena, toka saa 11 jioni.

Ufukweni na kwenye hori, jua halina amri. Mwenye amri ni maji, na watu wengi hukata tamaa na ndege wa matope kwa sababu tu walikwenda saa isiyofaa. Maji yakiwa yametoka kabisa, ndege wametawanyika mbali, ni vidoa tu kwenye upeo wa macho. Maji yakiwa yamejaa kabisa, wamekwenda kupumzika mahali usipopaona. Saa nzuri ni zile mbili au tatu za maji kujaa: kila dakika matope yanapungua, na ndege wanasogezwa kuelekea ulipo bila wewe kuinua mguu.

Kwa pwani yetu, siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji hutoka mpaka chini kabisa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 alasiri. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, huwa kinyume: hujaa asubuhi, lakini hayafiki juu, na matope mengi hubaki wazi. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukihesabu, utaona kwamba siku ya 12 au 13 tangu mwezi kuandama, na tena siku ya 27 hivi, maji hujaa kati ya saa 7 na saa 8 mchana. Hizo ndizo siku ninazozipenda: unafika saa 4 na nusu, unakaa, unaangalia maji yakiwaleta ndege mbele yako. Thibitisha kwa jedwali la maji au muulize mvuvi, na kumbuka kwamba ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko bahari wazi.

Jambo la usalama: usiingie matopeni peke yako maji yakiwa yanapanda. Matope ya hori humshika mtu hadi magotini, na mifereji ya nyuma yako hujaa kabla hujageuka. Kaa ukingoni.

Hatua ya tatu: vitu vya kubeba

Daftari dogo na penseli. Wino hukimbia ukinyeshewa. Darubini kama unayo: ile iliyoandikwa 8x42 inakuza mara 8 na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42, na hiyo inatosha kwa kila kitu isipokuwa ndege wa mbali sana. Simu yenye kamera, ndani ya mfuko wa plastiki. Maji ya kunywa, kofia, viatu vilivyofungwa. Suruali ndefu, kwa ajili ya mbu, na kwa ajili ya siafu ambao baada ya mvua huvuka njia kwa misururu. Kama huna darubini, usingoje kuipata ndipo uanze. Miti, vipepeo, kaa, konokono na vyura havihitaji darubini hata kidogo.

Hatua ya nne: namna ya kutembea

Tembea kidogo, simama sana. Kila baada ya hatua mia moja hivi, simama dakika tano bila kusema. Dakika ya kwanza utasikia nyayo zako zikiisha masikioni. Ya pili ndege wa karibu wanarudi kuita. Kuanzia ya tatu unaanza kuona.

Uwe na utaratibu wa macho: anga kwanza, halafu vilele vya miti, halafu shina na magome, halafu majani makavu chini, mwisho maji kama yapo. Wengi hutazama usawa wa uso tu, nao hupitwa na nusu ya vilivyopo. Jua liwe mgongoni, la sivyo kila ndege ni mweusi. Vaa rangi iliyofifia. Na ukitembea na watoto, mpe kila mmoja eneo lake la kuangalia, mmoja anga, mmoja ardhi; watoto huona wadudu ambao sisi wakubwa tumeacha kuwaona.

Hatua ya tano: nini cha kuangalia

Nianze na matope, maana ndiko kwenye utajiri mkubwa wa msimu huu.

Ndege wa matope humchanganya kila anayeanza kwa sababu karibu wote, kuanzia Novemba, ni wa kijivu juu na weupe chini. Basi acha rangi. Angalia mdomo, kisha miguu, kisha mwendo. Mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini na mwili wa ukubwa wa kuku mdogo ni sululu. Humchomoa kaa shimoni, humtikisa mpaka miguu imtoke, kisha humeza. Mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, miguu mifupi ya rangi ya chungwa, anayekimbia huku na huko kama aliyepoteza kitu, ni Xenus cinereus kutoka Urusi. Wale wadogo wenye mdomo mfupi wanaokimbia hatua chache, wanasimama ghafla, wanainama, wanakimbia tena, wanawinda kwa macho. Wanaotembea pamoja wakidunga matope kwa mdomo mfululizo wanawinda kwa kugusa. Ukishajua kutofautisha makundi hayo mawili ya mwendo, umeshavuka sehemu ngumu.

Fika mapema katika msimu, Agosti na Septemba, ukaone jambo ambalo Desemba halipo. Calidris ferruginea, ndege mdogo anayetaga kwenye tundra ya Siberia, hufika akiwa bado na mabaka ya wekundu wa matofali kifuani, mabaki ya vazi lake la kuzaliana. Wazima hutangulia, watoto wa mwaka huo hufuata wiki kadhaa baadaye, kwa njia ambayo hawakuonyeshwa na mzazi. Kila wiki wekundu unapungua mpaka wote wanafanana. Andika kila safari ni wangapi bado wana wekundu, nawe utakuwa unasoma kalenda ya Siberia kutoka Watamu, mji ulio jirani na Mida.

Kisha kuna Dromas ardeola, ndege mla kaa, na huyu ningependa kila mtu wa pwani amjue. Ni mweupe na mweusi, mkubwa, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kuliko wa ndege mwingine yeyote wa matopeni. Huzaliana kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, katika joto kali, na tofauti na ndege wengine wote wa jamii hiyo, hutaga chini ya ardhi: huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Baada ya hapo hushuka kwetu kwa njia ileile ambayo majahazi yalifuata kwa karne nyingi. Mida huonekana kwa mamia. Tafuta yule mwenye rangi ya kijivu zaidi anayemfuata mwenzake akilia. Ni mtoto, na mzazi bado anamlisha, maelfu ya kilomita kutoka shimo alimozaliwa. Ni ndege wachache sana wa matopeni wanaofanya hivyo.

Usiwasogelee mpaka waruke. Kila mruko unachoma mafuta waliyokuja kuyatafuta, na Aprili wanayahitaji kurudi. Kundi likiacha kula na kuinua vichwa pamoja, umeshakaribia mno. Rudi nyuma taratibu. Mahali wanapopumzika maji yakijaa ni pa kuachwa kabisa.

Mikoko yenyewe ni darasa la miti, na ni miti michache, unaweza kuimaliza yote kwa msimu mmoja. Mlilana husimama mbele, karibu na maji. Mkoko una mizizi ya juu inayojikunja kama miguu, na mbegu zake huota zikiwa bado zimening'inia mtini. Msinzi na mkandaa hufuata. Mchu unaujua kwa vipande vya mizizi vilivyochomoza wima kutoka matopeni kama penseli nyingi, na ukigeuza jani lake na kulilamba utaonja chumvi, maana mti huo huisukuma nje kupitia majani. Chini yake utaona kaa wadogo, dume likipunga gando moja kubwa kuliko jingine, tondo wakitambaa kwa mamia, na samaki wanaoruka juu ya matope na kupanda mizizi.

Msituni, Septemba sikiliza majani makavu. Sange wa Arabuko-Sokoke, mnyama mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, hujitoa kwa sauti ya majani kabla hujamwona. Karibu wote waliobaki duniani wako msitu huo. Mvua ikishalainisha majani, sauti hiyo hupotea, kwa hiyo usimwahirishe hadi Novemba. Lundo dogo la majani makavu lililojaa katikati ya sakafu ya msitu linaweza kuwa kiota chake, usiliguse.

Mbuyu huanza kuchanua wakati huu. Ua hufunguka jua likizama, popo hulitembelea usiku, na kesho yake huanguka. Ukipita asubuhi na kukuta maua makubwa meupe yameanza kuwa ya kahawia chini ya mti, andika tarehe. Ni rekodi nzuri sana na karibu hakuna anayeiandika.

Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, acha ratiba yako yote, toka jioni hiyo na kesho yake. Kumbikumbi hutoka ardhini na kila mla wadudu anakuja: mbayuwayu, keremkerem, hondohondo, hata mwewe. Pembeni mwa vidimbwi, tazama matawi yaliyoinamia maji. Donge la povu jeupe ni kiota cha chura wa mitini, na viluwiluwi vitadondoka majini baada ya siku chache. Jongoo wakubwa watatembea barabarani. Ukimshika jongoo, nawa mikono kabla ya kugusa macho. Angalia pia unapokanyaga, maana kifutu hupenda kulala njiani bila kusogea.

Siku zizo hizo inua macho. Kereng'ende wa rangi ya dhahabu, Pantala flavescens, huonekana kwa wingi kuanzia Oktoba na Novemba. Inaaminika kwamba wengi wao wamevuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa India, wakisaidiwa na upepo, nao hutaga katika madimbwi ya mvua yanayokauka upesi. Katika msimu huohuo kozi wa Amur, waliotaga mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, huvuka bahari ileile. Novemba na Desemba utaweza kuwaona kwa makundi mbele ya mawingu ya mvua, wakikamata wadudu angani.

Hatua ya sita: andika papo hapo

Kumbukumbu ya kichwani hurekebisha mambo. Andika kabla hujaondoka mahali hapo: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa na upepo, maji yanajaa au yanatoka, kisha kila kiumbe na idadi. Idadi ya kukadiria ni bora kuliko neno "wengi". Kwa kundi kubwa, hesabu kumi, pima kwa macho nafasi ya kumi hao, kisha ona nafasi hiyo inaingia mara ngapi katika kundi zima.

Ongeza tabia. "Sululu 3" ni kitu. "Sululu 3, wawili wanakula kaa, mmoja anamfukuza mwenzake" ni kitu zaidi. Andika pia ulichokitarajia na hakipo. Kama wiki tatu umeona keremkerem kwenye waya uleule na leo hayupo, hilo nalo ni habari.

Hatua ya saba: tambua bila haraka

Kwa mmea piga picha ya jani juu na chini, ua au tunda, na gome. Kwa mdudu piga ya juu na ya ubavuni. Kwa ndege, hata picha mbaya inayoonyesha mdomo inafaa, na kurekodi sauti kwa simu mara nyingi kunafaa zaidi. Programu ya Merlin husaidia kwa ndege, iNaturalist kwa viumbe vyote. Zote hukosea, hasa kwa wadudu na mimea yetu, kwa hiyo pendekezo la programu lichukue kama swali. Jina ukilikosa, andika "kipepeo mweupe, ncha nyeusi" uendelee. Muulize na mzee wa mtaa, kwa sababu majina ya Kigiriama, Kidigo, Kibajuni au Kizaramo yamebeba habari za matumizi na majira ambazo programu haina. Yaandike yote.

Hatua ya nane: peleka rekodi zako

Daftari likibaki kabatini, faida yake ni yako peke yako. eBird hupokea orodha za ndege kutoka popote. Kenya, mradi wa Kenya Bird Map umegawa nchi katika miraba ya kilomita 9 kwa 9 hivi, na bado kuna miraba isiyo na orodha ya kutosha. Huenda wa kwenu ni mmoja. iNaturalist hupokea picha za viumbe vyote, na kwa aina nyingi zilizo hatarini huficha mahali halisi. Usitegemee hilo tu: kiota, pango la popo au mti wa bundi usiutaje kwenye WhatsApp wala Facebook.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya kimataifa ya ndege wahamao, wakati mzuri wa kuwaita majirani watembee nawe mara ya kwanza. Na Januari, nchi nyingi za Afrika huhesabu ndege wa majini kwa pamoja. Huko Kenya, Nature Kenya na Makumbusho ya Taifa huwapokea wanaojitolea. Ukishaifanya njia yako ya vuli mpaka Desemba, unaweza tayari kumtofautisha anayedunga matope na anayekimbia na kusimama, na wanaohesabu siku hiyo hukosa watu wa namna hiyo kila mwaka. Andikisha jina lako Desemba, kabla orodha ya vikundi haijapangwa.